Usukani wa Baba Hilda

Wana Hanang, na ninyi ndugu zangu wa Mbulu, nipeni masikio kidogo. Mimi ni Saumu, mama Zulfa, muuza spea wa hapa Katesh. Wengi mnanijua kwa mdomo wangu. Basi leo nitaanza kwa kuushtaki huo mdomo, maana katika haya nitakayowaeleza nami nina fungu langu la lawama.

Balangdalalu kuna nyumba moja ya bati jekundu ambayo kwa miaka mingi nilipenda kufika Jumamosi asubuhi. Nilikuwa nafuata maharage, lakini kwa kweli nilikuwa nafuata kuwaona wenyewe. Mzee Herman Sulle utamkuta amelala juu ya gunia chini ya gari lake, miguu tu ndiyo inaonekana. Mke wake, mama Bernadina, amekaa juu kwenye kiti cha dereva, ungo wa maharage mapajani, anachambua. Mara utasikia ngo! Mzee amegonga chuma kwa spana. Mama anaacha maharage, anageuza usukani kushoto. Ngo, ngo! Anageuza kulia. Ngo, ngo, ngo! Hiyo maana yake imetosha, shuka tukanywe chai.

Hawasemezani hata neno. Wa chini ameshika viungo vya usukani kwa vidole, anasikiliza kama vinacheza. Wa juu anageuza, naye anausikia usukani mikononi. Kazi hiyo mtu mmoja haiwezi, kwa sababu huwezi kuwa juu na chini kwa wakati mmoja. Wao wameifanya hivyo tangu Hilda, binti yao wa mwisho, hajazaliwa.

Gari lenyewe si la kawaida. Ni la Kimarekani, la zamani, jekundu, milango miwili, usukani upande wa kushoto, pua ndefu, injini ya silinda nane. Aliliacha mzungu mmoja wa mashamba ya ngano, ambaye Herman alikuwa fundi wake enzi za ujana. Likiwaka, kuku wote wanaingia chini ya ghala. Watoto waliliita Ngurumo, na jina likakaa. Harusi yoyote kutoka Balangdalalu mpaka Hirbadaw, bibi harusi alitaka apelekwe na Ngurumo.

Sasa, masika yaliyopita Herman alikuwa anavuka korongo la Hirbadaw, maji ya mvua yamefunika njia, akagonga jiwe. Lilikuwa jiwe la haja. Manifoldi, yaani yale mabomba yanayopokea moshi pale injini inapoutoa, yakapasuka pande zote mbili. Fimbo ya usukani nayo ikala kipigo, na tairodi, vile vifundo vya mwisho vinavyoshika magurudumu, vikalegea.

Tangu siku hiyo Ngurumo haikunguruma tena. Ilipiga makelele ya bati bovu. Na binadamu mnajua tulivyo, watu wakacheka.

Hilda alikuwa amechumbiwa. Hilda ni muuguzi wa zahanati, na mchumba wake, Basili, ni mwalimu wa Maretadu, kijana mpole. Misa ilipangwa kuwa huko Maretadu. Basi kikao cha harusi kikakaa nyumbani kwa Herman, nami nikiwa kwenye kamati, upande wa soda na usafiri. Wakwe walikuja wakiongozwa na Mzee Hhando, baba mkubwa wa Basili.

"Binti yangu nitamleta mwenyewe kwa Ngurumo," Herman akasema, kifua mbele. "Mtaisikia kabla hamjaiona."

"Kuisikia tutaisikia tu, Mzee Sulle," Mzee Hhando akajibu. "Juzi nilikuwa mnadani Katesh ulipopita. Kuna mama alitoka mbio na debe la mahindi kichwani, akidhani mashine ya kusaga imefika!"

Sebule nzima ikacheka. Herman akacheka kwa meno tu. Wakati huo mama Bernadina alikuwa anaingia na birika la chai. Akasema kwa ile sauti yake ya chini, wala hakuwa na nia mbaya, "Baba Hilda, kelele haijamwangusha mtu bado. Mimi usukani ndio unanitisha. Tangu lile jiwe unacheza. Nimeushika mwenyewe."

Sasa hapo, ndugu zangu, mwenye akili angenyamaza au angesema "tumshukuru mama kwa kutukumbusha." Mimi Saumu nikafungua mdomo.

"Haya jamani, mmesikia? Kumbe fundi ni mama! Baba kazi yake ni kugonga tu!"

Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Nilijiona nimechangamsha kikao. Sikuuona uso wa Herman.

Wageni walipoondoka, akamfuata mkewe jikoni. Haya nilikuja kuambiwa baadaye na mama mwenyewe. Akamwambia, "Kazi yako ni kugeuza, basi. Gari langu usinifundishe mbele ya watu."

"Sawa, baba Hilda," mama akasema.

Jumamosi iliyofuata hakumwita. Wala iliyofuata tena.

Mabomba mapya niliyaagiza Arusha, yakachomelewa na fundi anayeyajua magari hayo, yakang'arishwa mpaka ukijitazama unajiona. Herman alikuja kuyachukua dukani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama Zulfa. Yamefika?"

Nikayafungua. Akayapapasa kama mtu anayepapasa ndama mpya. Nikaweka juu ya meza boksi la njano pia. "Na tairodi zako hizi hapa. Mzee, sikiliza. Ukitaka kuingiza mabomba haya, fimbo ya usukani lazima uifungue ipishe, si ndiyo? Basi ikishafunguka, funga na hizi hapo hapo. Iwe kazi moja."

"Naelewa, Saumu. Nimeanza ufundi wewe hujaota meno."

"Na mama Hilda atakaa kwenye usukani kama kawaida?"

Akageuza uso, akatazama barabarani. "Mama ana kazi zake," akasema.

Kile kitu kilinichoma. Nikasema moyoni, Saumu, haya ni matunda ya mdomo wako, mwambie mzee samahani. Akaingia mteja wa plagi, nikamhudumia, nilipoinua macho Herman ameondoka. Nikajiambia nitamwona wiki ijayo. Mnaijua hiyo wiki ijayo.

Akaifanya kazi peke yake, siku mbili, gari likiwa juu ya matuta mawili ya mawe aliyoyajenga uani ili apate kulala chini yake. Akafungua fimbo ya usukani, akatoa manifoldi mbovu, akaingiza mpya. Mama Bernadina alimsikia anahangaika, akatoka jikoni akasimama mlangoni.

"Nije nikae?"

"Kaa huko huko."

Akarudi kwenye sufuria yake.

Mabomba yalipokazwa, Herman akatamani kusikia sauti. Ni tamaa tu, hakukuwa na haraka yoyote. Akawasha injini fimbo ya usukani ikiwa bado chini kwenye gunia. Loo! Ngurumo ikanguruma. Majirani wakatoka mashambani, watoto wakacheza, mmoja akapiga vigelegele. "Mzee Sulle, hilo sasa ndilo gari! Hebu litoe tulione!"

Wenzangu, sifa ni tamu. Inaingia kwenye damu. Boksi la njano lilikuwa pale kwenye rafu ya ghala, hatua nne tu. Lakini kufunga tairodi mpya kunataka kupima, na kupima kunataka mtu wa kukaa juu, na mtu wa kukaa juu alikuwa amefukuziwa jikoni. Herman akarudisha fimbo na tairodi zake zile zile za zamani, akazikaza kwa nguvu, akasema, "Kwa muda." Jioni hiyo hiyo alikuwa Katesh anazunguka stendi.

Kwa muda ikawa wiki tatu. Leo yuko mnadani, kesho Hirbadaw, kesho kutwa amemsindikiza mtu asiyemhusu, ilimradi asikike. Nyumbani bati la jiko lilifumuka kwa upepo, mvua ikawa inamnyeshea mkewe anasonga ugali. Siku shangazi zake Hilda walipokuja kumfunda binti, baba mtu hakuwepo kuwapokea. Mama Bernadina hakupiga kelele. Alinijia dukani na maharage, nikamwona amekonda.

"Mama Hilda, shikamoo. Una homa?"

"Marahaba, mwanangu. Sina homa." Akakaa kwenye kiti cha wateja, akaweka mikono mapajani. "Unajua, mimi siulilii usukani. Ninaililia ile chai."

Nikamshika mkono, nikamweleza kosa langu la siku ya kikao, nikamwomba radhi. Akanicheka kidogo. "Wewe ulitania tu. Mwenye kuumia ndiye aliyetakiwa kusema ameumia, nasi tungeyamaliza. Lakini mwanaume na aibu yake!" Mnaona? Nilimwomba radhi aliyekwisha kunisamehe. Yule niliyemtia aibu, bado.

Ikafika siku ya harusi. Mimi na mume wangu, Seifu, tulifika Balangdalalu asubuhi na kenta yetu, tumepakia soda, viti na turubai. Mlima Hanang ulikuwa umejifunua wote, hauna hata kiwingu. Ngurumo imesimama uani, imepambwa utepe mweupe toka puani hadi mgongoni. Herman amevaa suti ya kijivu. Akawasha injini, ikalia vizuri, sitaki kusema uongo. Ililia vizuri kweli.

Hilda akatoka na shela lake, akina mama wakalipuka kwa nyimbo. Ndipo mama Bernadina, na kitenge chake kipya, akawapita watu wote, akafungua mlango wa dereva, akakaa. Akazima injini. Akaushika usukani kwa mikono miwili, akaugeuza kushoto, kisha kulia, taratibu, kama alivyofanya miaka yote ile. Nilikuwa karibu na dirisha, nikauona. Usukani ulizunguka upana wa kiganja kizima kabla gurudumu halijatikisika. Nyimbo zikakatika.

"Baba Hilda," akasema. "Gonga."

Herman akatazama kulia na kushoto. Watu zaidi ya hamsini wanamtazama, na Mzee Hhando wa upande wa wakwe yupo, amekuja kuwasindikiza. "Mama Hilda, shuka. Tunachelewa misa."

"Lala chini ugonge. Nikisikia umegonga tatu, nashuka, na mwanangu anapanda."

"Nilale chini na suti?"

"Suti nitaifua mimi. Hilda sitaweza kumzaa tena."

Mimi nilitaka kusema neno, na kwa mara ya kwanza maishani mdomo ukagoma. Hilda mwenyewe akasogea, akamshika baba yake mkono. "Baba, mama anaogopa. Naomba umsikilize tu." Kama ingeishia hapo nisingekuwa na hadithi. Lakini Herman aliona tena ile sebule, akasikia tena kile kicheko. Akasema kwa sauti ya juu, ili wote wasikie, "Shuka! Naenda mpaka barabarani na kurudi, muone wenyewe kama usukani una shida!"

Mama Bernadina akashuka. Alishuka kwa sababu mtoto wake alikuwa nje ya gari, salama. Lakini alibaki ameshika kitasa cha mlango mpaka gari likamtoka mkononi.

Kutoka uani kwao mpaka barabarani njia inashuka, halafu inapinda kushoto juu ya korongo dogo. Herman alikanyaga mafuta, Ngurumo ikalia, vijana wa kupiga picha wakainua simu. Penye kona tukamwona anageuza usukani kushoto. Gurudumu moja likaenda kushoto. Jingine likaenda kulia. Gari likasita, likajikwaa kama ng'ombe aliyefungwa mguu, likatumbukia korongoni na pua yake.

Kisha kimya. Hata vumbi lilipanda kimya.

Yule mama ana miaka hamsini na nane. Alitupita sote mbio, viatu vya harusi kavitupa. Alipofika ukingoni akaita, "Baba Hilda!" Hakujibiwa. "Herman!" Sijawahi kumsikia anamwita hivyo. Gari limelala ubavu, mlango umebonyea, kioo chote kimejaa nyufa, huoni ndani. Nikafika nyuma yake, nikaanza kusoma dua zote ninazozijua.

Ndipo tukasikia. Ngo. Ngo. Ngo.

Ilitoka ndani, dhaifu, pete ya ndoa inagonga chuma cha mlango. Mara tatu.

Mama Bernadina akakaa chini kwenye tope na kitenge chake kipya, akalia kwa sauti. "Imetosha," akawa anasema, "imetosha, baba Hilda, nimesikia, tunakuja kukutoa."

Wanaume walimtoa kwa dirisha la nyuma. Alikuwa na damu kwenye paji la uso na mkono wa kushoto umevunjika chini ya kiwiko. Yale mabomba mapya yalikuwa yamepondeka kwenye jiwe, na tairodi ya kulia imechomoka, inaning'inia. Hilda alisahau kwamba ni bibi harusi. Akapiga magoti na shela lake, akaupapasa mkono wa baba yake, akasema, "Nileteeni kitu kigumu cha kumfungia, haraka." Jirani mmoja, Gerald, akakimbia ghalani, akarudi na boksi. Hilda akalimwaga, akalipasua, akalikunja kuuzunguka mkono, akalifunga kwa utepe wa harusi.

Nikalitambua lile boksi. Lilikuwa la njano. Tairodi mpya zilikuwa zimelala kwenye nyasi, bado zina mafuta ya kiwandani.

Herman naye akaliona. Akalitazama muda mrefu, kisha akamtazama mkewe. "Mama Hilda," akasema, "mwanetu angekuwa amekaa pale upande wa kulia."

"Hakuwepo," mama akamjibu. "Nyamaza sasa."

"Uliniambia unacheza."

"Nilikuambia. Nyamaza, unaumia."

Hapo nikaona nikingoja wiki ijayo nyingine, Mungu hatanisamehe. Nikainama. "Mzee, na mimi nisamehe. Siku ile ya kikao nilikufanya uchekwe mbele ya wakwe zako. Halikuwa jambo la kucheka." Akaniangalia. Akasema, "Ulinichoma kweli, Saumu. Lakini wewe hukuniambia nisifungue boksi."

Padri wa Maretadu alipigiwa simu, akasogeza misa hadi saa nane. Bibi harusi alikwenda kwa kenta ya Seifu, amekaa mbele na wazazi wake, sisi wengine nyuma na makreti ya soda. Tulimsihi Herman aende hospitali kwanza. Akakataa katakata, akameza vidonge alivyopewa na binti yake, akaingia kanisani boksi la njano likiwa limefungwa mkononi, amemshika Hilda kwa mkono mzima. Mzee Hhando, aliyekuwa ametangulia, alimpokea mlangoni. Hakucheka. Alivua koti lake akamwekea mabegani, maana suti ya mwenzake ilikuwa imepasuka. Kesho yake ndipo hospitali wakampiga picha na kumfunga plasta.

Sasa nimalizie. Ngurumo ilivutwa korongoni kwa trekta, ikarudishwa juu ya matuta yake. Jumamosi moja nikafuata maharage. Bati la jiko nikalikuta limepigiliwa. Nikafika uani, nikasimama. Miguu niliyoiona chini ya gari ilikuwa imevaa kanga! Mama Bernadina ndiye aliyelala juu ya gunia, ameshika tairodi mpya kwa vidole. Juu kwenye kiti cha dereva amekaa Herman na plasta yake, ungo wa maharage mapajani, anachambua kwa mkono mmoja, vibaya kweli, mawe anayaacha na mazima anayatupa.

Ngo! Akauacha ungo, akageuza kushoto. Ngo, ngo! Akageuza kulia.

"Inacheza?" akauliza, mpole kama mtoto wa kipaimara.

"Ngoja kwanza," sauti ikatoka chini. "Rudia kushoto."

Akarudia. Mabomba yalikuwa hayajanunuliwa hata moja. Gari halikuwa na sauti yoyote.

Ngo, ngo, ngo.

Herman akafuta macho kwa mkono wenye vumbi la maharage. "Karibu, mama Zulfa," akaniambia. "Tunakwenda kunywa chai."

FUNZO NINALOWAACHIA

Ndugu zangu, ugonjwa uliotaka kuiua nyumba hii ni sifa. Mtu mwenye sifa anatengeneza kile kinachosikika na watu, anaacha kile kinachowashika watu wake wasitumbukie. Bomba bovu linapiga kelele, kila mtu analijua. Usukani mbovu unajulikana na yule tu anayeushika kila siku, na mara nyingi huyo ni mke wako, au mume wako, au mama yako mzee aliyekaa kimya jikoni. Ukimdharau mbele ya watu, atasema "sawa", na utabaki huna wa kukuonya.

Aibu nayo tuiseme. Herman angesema siku ile ile, "Mmeniumiza," yangekwisha kabla chai haijapoa. Na ninyi wenye midomo kama mimi, utani unaomvunjia mtu heshima mbele ya wakwe si utani. Ukikosea, omba radhi siku hiyo hiyo, tena kwa yule uliyemkosea.

Kwa hiyo nyumbani kwako akitokea mtu akakuambia kuna kitu kinacheza, usimuulize amesomea wapi ufundi. Vua koti, lala chini, ugonge.